Ncha ya Pili ya Kamba

Siku ya kwanza walimlaumu Shakila. Chai ilikuwa na chumvi, na nani mwingine aliyeipika? Mama yake, Zuhra, alionja, akakunja uso, akaimwaga uani.

"Binti mzima hujui chumvi na sukari! Huko utakakoolewa utaniaibisha."

"Sijatia chumvi, mama. Wallahi."

Mume wa Zuhra, Nahodha Mahmudu, alichukua kikombe chake. Alionja taratibu, kwa ncha ya ulimi. Hiyo haikuwa chumvi ya jikoni. Ilikuwa na uchungu nyuma yake, na nyuma ya uchungu harufu hafifu ya sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa mbao za vyombo. Ilikuwa bahari.

Na bahari ilikuwa mbali. Newala iko juu, ukingoni mwa mwinuko, na maji ya bomba hupanda huko kwa kubembelezwa. Ndiyo maana mwenye uwezo huchimba kisima uani, akakisakafia kwa saruji, akakifunika na kuacha mdomo mdogo wa kuchotea. Mvua hushuka kutoka kwenye bati, huingia humo, na nyumba hunywa mpaka mvua nyingine. Kisima cha Mahmudu kilikuwa na kina kirefu kuliko vyote mtaani. Alikichimba mwaka aliomwoa Zuhra.

Zuhra alikuwa mjane. Mumewe wa kwanza, Rajabu, alikuwa ameteremka Mikindani kutafuta kazi, akawa baharia katika jahazi la Mahmudu, akafia baharini kabla Shakila hajajua kusema baba. Mahmudu mwenyewe ndiye aliyepanda Newala kuleta habari. Alilia na wafiwa. Alirudi kwenye arobaini, kisha akarudi bila sababu ya kutaja.

"Dhoruba ilikuwa kubwa," aliwaambia. "Rajabu alikuwa ndani ya mashua tunayoikokota nyuma. Kamba ilikatika."

Wazee walimsifu. Ni manahodha wangapi huja wenyewe? Alipoacha bahari akahamia kwa Zuhra, mtoto alimwita Baba, na neno hilo lilimchoma kila alipoliitika.

Vitu vichache alikuja navyo: dira, sanduku la msaji, na kamba ile. Kamba nene ya makumbi ya nazi, nyeusi kwa sifa. Mtu wa bahari hatupi kamba nzima. Mkono wake haumruhusu. Aliifunga kwenye ndoo ya kisima. Lakini kwanza aliishona ncha yake kwa uzi, mzunguko juu ya mzunguko, asije mtu akaona ilivyokuwa: laini, sawasawa, mkato wa kisu.

Siku ya pili jirani yao, Mama Getrude, alikuja na ndoo kichwani kama ilivyokuwa desturi yake. Alionja, akatema, akacheka hadi kanga ikamlegea.

"Nahodha! Bahari imekumiss, imekufuata na huku kwetu Wamakonde? Haya, tuletee na pweza basi."

Zuhra alicheka. Mahmudu alicheka pia, kwa kuchelewa.

Kisha ikaja sauti. Ilikuja jua la utosi, wakati vivuli vimejificha chini ya miguu na mikorosho imenyamaza. Kwaruu... mwaa. Kwaruu... mwaa. Kama kopo linalokwaruza ubao, kisha maji yanayomwagwa. Zuhra aliacha kupepeta mchele.

"Baba Shakila, unasikia? Kisimani kuna nini?"

"Chura," alisema.

Alijua si chura. Hakuna baharia asiyeijua sauti hiyo. Ni mtu anafua maji, anayatoa chomboni ili asizame.

Zuhra hakuamini chura. Alimwita Bi Sikuzani, mganga wa majini kutoka Chiungutwa, upande wa Masasi. Bibi yule alishuka kwenye bodaboda akijikung'uta vumbi, akalalamikia kiuno chake, akaomba maji ya kunywa, akapewa ya kisimani kwa makusudi. Hakuyatema. Aliyameza, akafuta midomo.

"Shikamoo, bibi," Mahmudu alisema.

"Marahaba." Alimtazama. "Jini huyu hana ugomvi na nyumba. Ameingia kwa kitu cha bahari, na kitu hicho amekileta mtu. Kitoke. Na aliyekileta aseme kimetoka wapi, mbele ya wenye nyumba. Kisha toeni maji yote, msugue kisima kabla mvua haijaingia."

"Baba Shakila, una nini cha bahari?" Zuhra aliuliza.

Macho ya Mahmudu yalikwenda kisimani. Kamba ilikuwa pale, imejikunja kando ya ndoo, hatua chache tu. Kuitoa kulikuwa rahisi. Kusema ilikotoka ndiko kulikokuwa mlima.

Alitoa dira. Alitoa na sanduku.

Bi Sikuzani alivitazama vitu vile, akainuka. "Mimi nimesema yangu," alimnong'oneza akipita. "Wewe bado."

Walichota maji, wakayamwaga, hadi yakabaki ya kufika kifundoni. Kila mwaka kabla ya mvua mtu mwembamba hushushwa kusugua kuta, na katika nyumba ile mwembamba alikuwa Shakila. Zuhra aliifungua ndoo, akaivuta kamba.

"Tutafute nyingine," Mahmudu alisema haraka.

"Kwa nini? Si wewe unayesema hakuna kamba imara kama hii?"

Angeweza kusema hapo. Alitazama mikono ya Zuhra ikimfunga bintiye kiunoni kwa ncha ile aliyoishona mwenyewe.

Shakila alishuka akiimba, brashi begani, Mahmudu akiishika kamba juu. Wimbo ulisikika chini, na brashi ikasugua, na jua lilikuwa utosini. Kisha brashi ikanyamaza. Kwaruu... mwaa.

"Baba?" Sauti ya Shakila ilikuwa ndogo. "Baba, maji yanapanda."

Mahmudu alivuta, na kamba haikuja. Alivuta tena, akajisimamisha kama alivyosimama kwenye sitaha, na kamba ikamvuta yeye, kwa uzito aliokuwa ameubeba katika kila usingizi wake tangu usiku ule, uzito wa mashua iliyojaa maji nyuma ya jahazi linaloelemewa, na viganja vikachanika, na harufu ya sifa ikapanda kutoka kisimani ikamjaa puani, na miguu yake ikaanza kuteleza kuelekea mdomo wa kisima, na mkono wake wa kulia, bila kuulizwa, ukaacha kamba ukaenda kiunoni kwenye kisu, kama ulivyokwenda usiku ule, na kutoka chini, si kwa sauti ya Shakila, mtu aliyechoka akasema kwa upole:

"Nahodha, nimemaliza kufua. Nivute."

Kisu kilikuwa kimeshagusa kamba.

"Unafanya nini?" Zuhra alipiga kelele. "Mwanangu yuko chini! Mahmudu, unafanya nini?"

Kisu kilimtoka mkononi. "Niliikata mimi!" Maneno yalimtoka kama matapishi. "Haikukatika, Zuhra. Mashua ilikuwa inatuzamisha, Rajabu alikuwa ndani anafua maji, ananiita nimvute, nikamsikia, nikaikata. Nilimsikia!"

Kamba ililegea. Alivuta kwa viganja vilivyochanika, na Shakila akatokea mdomoni mwa kisima, nywele zimemganda usoni, akitapika maji ya chumvi. Zuhra alimnyakua, akamfuta, akamkumbatia.

"Kuna mtu chini," Shakila alisema akitetemeka. "Amenisukuma juu, mama. Amesema nitangulie."

Zuhra aliinama kumfungua kiunoni. Vidole vyake vikasimama. Uzi wa Mahmudu ulikuwa umefumuka, na mahali pa mkato hapakuwa na mkato. Kamba ilipita kiunoni mwa Shakila, ikaendelea, ikarudi mdomoni mwa kisima na kushuka gizani, nzima. Ilikuwa imekaza.

"Zuhra," Mahmudu alisema. "Mama Shakila, usiiguse. Nakuomba."

Zuhra alimfungua bintiye, akamsogeza kando ukutani. Alikiokota kisu, akakitupa mbali kwenye mikorosho. Kisha akaishika kamba kwa mikono miwili, akaikita miguu ardhini, akavuta, na kutoka chini kitu kizito kikaanza kupanda, kikikwaruza saruji.

Alimgeukia mumewe. Uso wake haukuwa na machozi.

"Shika," alisema. "Safari hii, shika."