Ugali wa Siku ya Nne

Likizo ile, kila asubuhi nilitoka Mkolani na kapu la chakula cha mama, nikaenda kushinda naye hospitalini. Mdogo wangu Mayala, mtoto wa miaka miwili, alikuwa amelazwa. Mvua zilikosekana mwaka huo, na kule Sengerema alikokuwa akilelewa, bibi yetu alikuwa hana cha kumlisha ila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Miezi mitatu, michembe tu! Nywele zikageuka rangi, miguu ikavimba, hata nguvu ya kulia ikamwisha.

Wauguzi walimpa maziwa maalumu, kikombe kidogo kila baada ya saa tatu, wakatukataza kumpa kitu kingine. Mimi niliona ni uchoyo mtupu. Kwetu Usukumani mtu hajala mpaka ale ugali.

Siku ya nne mama alitoka kwenda kufua. Mayala akanyoosha mkono kwenye kapu. Jamani, roho iliniuma! Nikamega ugali, nikachovya kwenye mchuzi wa samaki sato, nikamlisha mpaka akageuza uso.

Alasiri alianza kuhema mbiombio, mikono ikalegea. Daktari Urvi alikuja haraka, akauliza amekula nini. Mama, maskini, akaapa kuwa ni maziwa tu. Wakajaribu hiki na kile, hali ikazidi kuwa mbaya. Nami nimekaa kimya kama gunia, saa nzima, namwangalia mdogo wangu akifa kwa mkono wangu.

“Daktari, nimemlisha ugali,” nilisema hatimaye. “Mwingi.”

Hakunifokea. Aliagiza damu ipimwe upesi, akabadilisha dripu. Tukangoja. Mama hakunitazama hata mara moja.

Kesho yake mchana Mayala alifumbua macho, akaomba maji. Nililia mpaka nikaishiwa machozi.

Daktari Urvi alinikalisha, akanieleza kuwa ndani ya seli zetu kuna protini inayopima chakula kilichopo, na maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye jeni. Chakula kikikosekana, seli hupunguza kazi ili mtu aishi. Kikimiminwa ghafla, zinaamka zote pamoja, zinanyonya chumvichumvi za damu, na moyo unapungukiwa nguvu.

“Ulimwonea huruma, mwanangu, lakini hukuuliza,” alisema. “Kosa hilo ningeweza kulitibu mapema. Kilichokaribia kumuua Mayala ni ile saa nzima uliyonyamaza. Ukikosea, sema papo hapo, hata kama unatetemeka.”