Upande wa Kulia

Pumzi ilisikika upande wa kulia tu. Kidole alivua hedifoni, akazipangusa kwa pindo la gauni, akazivaa tena. Sikio la kushoto lilimletea sauti ya dada yake, tamu kama siku zote. Sikio la kulia lilimletea mtu anayehema.

Walikuwa wakirekodi podikasti yao stoo, mchana, kwa sababu magodoro mawili yaliyoegeshwa ukutani yalizuia mwangwi. Kinasa sauti chao kilikuwa na maikrofoni mbili. Ya kushoto ilimwelekea Dada. Ya kulia ilielekea pembe tupu, na pembe ile siku hizo ilinuka nywele zilizoungua.

Jina la Kidole alipewa na Dada, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kubonyeza. Dada alipenda kuwaambia wageni kwamba hata mbuzi angeweza kazi hiyo, ila mbuzi angekula waya. Wageni walicheka, na mama yao pia alicheka. Sasa redio moja ilikuwa imevutiwa na Dada, ikataka aitumie kipindi kimoja kabla ya Ijumaa, nao wangeamua kama watamwajiri. Masharti yalikuwa mafupi: faili la MP3, kilobiti sitini na nne, mono.

Alhamisi ile pumzi iligeuka maneno. Upande wa kulia ulikuwa ukisema kila alichosema Dada, lakini ukimtangulia kidogo, kama mwalimu anayemtamkisha mtoto maneno. Kidole alimpa Dada hedifoni asikilize. Dada akaigeukia pembe.

"Hakuna muda wa kurudia," alinong'ona. "Si wametaka mono? Weka mono, upande huo utapotea."

"Sawa, Dada."

"Na usiharibu, mbuzi wewe."

Kidole alikuwa amesoma maelezo yote ya programu ile. Alijua mono haitupi upande wowote. Inazichanganya pande mbili ziwe moja. Alijua pia pa kubonyeza ili upande wa kulia ufutwe kwanza. Alifikiri ni pumzi tu na minong'ono, uchafu wa kutosha redio imkatae Dada, basi. Akachagua mono, akaituma redioni. Kisha, ili asije akaulizwa, akalifuta faili la mwanzo, lile lenye pande mbili.

Jioni Dada aliomba chumvi mezani, na sauti mbili zikatoka kinywani mwake kwa pamoja.

Mama yao aliangusha kifuniko. Dada alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, lakini sauti ya pili iliendelea kuomba chumvi, taratibu, nyuma ya vidole. Simu ikalia. Ilikuwa redio, kipindi kilikuwa kimewapendeza mno. Dada alipojibu, bwana wa redio akauliza kwa upole yuko na nani hapo.

Mganga aliyeitwa asubuhi alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, mama mnene mwenye pini kifuani. Alimsikiliza Dada akisema neno moja tu, akawageukia wengine.

"Ziliwahi kuwa mbali mbali?"

Mama hakujua. Kidole akasema ndiyo, kwenye faili la mwanzo.

"Nipe hilo. Hilo ni kama mshono, nitafumua."

"Limefutika lenyewe," alisema Kidole.

Mganga alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kutazamwa. Kisha akamweleza Dada bila kumficha: hizi sasa ni rangi mbili ndani ya beseni moja, akimwaga moja atamwaga zote. Dada alilia kwa sauti mbili, na moja ilikuwa ikicheka. Ndipo akakubali kwa kichwa zimwagwe zote.

Walifunga mlango wa stoo, mganga akaanza kusoma, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda mpaka mama akatapika kwenye ndoo, na Dada akatoa mlio mrefu ulioanza kwa sauti yake ya kusimulia, ile waliyoipenda watu, ukapita kwenye kilio cha utoto wake, ukashuka hadi kwenye mngurumo ambao haukuwa wake, ukatambaa ukutani juu ya magodoro, ukaingia kwenye pembe na kukatika. Baada ya hapo alifungua kinywa, na hakikutoka kitu.

Mama alimshukuru Mungu kwamba mtoto yu hai. Kidole alimkumbatia Dada kwa nguvu kuliko wote.

Siku ya saba Dada alimshika mkono, akampeleka stoo, akamkalisha. Akawasha kinasa sauti mwenyewe, akakaa mbele ya maikrofoni ya kushoto huku amefumba mdomo. Kidole akavaa hedifoni. Sikio la kushoto lilimletea pumzi za dada yake. Halafu kulia, kutoka kwenye pembe tupu, ikaja sauti ya Dada yenyewe, tamu kama siku zote, ikisimulia habari za msichana mmoja aliyekuwa akiitwa mbuzi, na jinsi alivyokaa siku nzima akisoma maelezo, mstari kwa mstari, mpaka akayaelewa.

Kidole hakuthubutu kusogea. Sauti ilikuwa bado inaendelea, bila haraka, nayo ilikuwa imefika kwenye faili lililofutwa.

Mbele yake, Dada alinyoosha mkono, akitaka hedifoni.