Ukuta wa Gaspare Olcese

Risasi ya kwanza ilipasua mtungi wa dagaa wa chumvi. Ya pili ilipita sikioni mwa Nives Bacigalupo.

Akageuka. Bastola yake ya Beretta ikalia mara moja. Mlinzi wa wafanya magendo ya silaha akaanguka mlangoni mwa ghala, kashika goti, anatukana.

Nives akapanda mbio ngazi za mashamba ya mizabibu, bahari ya Liguria, kaskazini mwa Italia, ikimeremeta chini.

"Gaspare, wamenijua!" alisema redioni. "Nani kawaambia?"

"Tulia, binti yangu. Shuka bandarini. Huko juu hakuna kitu."

Gaspare Olcese alikuwa bosi wake katika idara ya ujasusi. Ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na baba. Alimfundisha bastola, na kila Jumapili alimfundisha kujenga kuta za mawe matupu, zilizoshikilia udongo wa milima hii tangu enzi za mababu.

Makombora mawili ya wizi yalifichwa hapa. Boti ingeyachukua kabla ya adhuhuri. Shabaha ya makombora hayo ilikuwa ndege ya abiria.

Nives hakushuka.

Kwenye tuta la juu aliona ukuta uliojengwa upya. Kazi safi: hakuna saruji hata chembe, mawe marefu yamezamishwa ndani, kabari zimepigwa kwa nyuma. Huku mkono wa fundi hujulikana kama mwandiko.

Alimjua fundi huyu.

"Jamani, Gaspare. Wewe?"

Akabomoa. Masanduku mawili ya kijani. Akachomoa betri za kufyatulia, akazivurumisha baharini.

"Mbishi kama marehemu baba yako."

Gaspare alisimama kando ya ukuta. Mkono mmoja bastola, mwingine kipande cha focaccia, mkate bapa wa vitunguu.

"Ungetumia saruji, mzee, nisingekujua."

"Saruji?" Gaspare alikasirika kweli. "Maji yatapita wapi? Mvua moja tu, tuta lote liko baharini! Unanionaje?"

"Na ndege ya watu je?"

"Wakubwa wa Roma wamenitupa, Nives. Nimewatumikia mpaka nimezeeka."

"Na mimi? Mimi nilikukosea nini?"

Gaspare akatazama chini. Nives akalipiga teke jiwe lililobaki kushikilia ukuta. Mawe yakamporomokea Gaspare miguuni, yakambana, bastola ikamtoka. Nives akaiokota.

"Walinzi wa pwani, kamateni boti," alisema redioni. "Na leteni pingu huku juu. Msaliti ninaye."

Afadhali ile risasi ingempata.

"Nives," Gaspare aliugulia, "usiuache hivi. Nani ataujenga?"

"Mimi. Nilifundishwa na mtu niliyempenda."

Akavaa miwani yake ya jua ya Persol, akashuka ngazi kuwalaki walinzi bila kugeuka.