Nafasi ya Éliezer

Rafiki yangu Mugwaneza si mtu wa kutunga mambo. Kanisani kwao, karibu na Lweba, mashariki mwa Kongo, kengele ni rimu nne za gari zinazogongwa kwa vyuma. Wapigaji ni wanne, na kila duru hubadilisha mfuatano wa zamu zao bila kurudia mpango uleule. Mpigaji akisafiri, zamu yake huachwa kimya. Ikipewa mtu mwingine, basi mwenyewe amekufa.

Éliezer, mume wake, alifukiwa na shimo la dhahabu kule Misisi, na mwili haukuonekana. Miaka miwili Mugwaneza aliikataa rimu ya mumewe. Juzi alichoka kungoja, akakubali kujifunza.

Ilikuwa saa kumi, lakini mvua ilitia giza kanisani.

“Mama Gatesi, hesabu na kichwa, hapana na machozi,” kiongozi wao, Semutobo, alimtania Mugwaneza. “Ukikosa, kuku zote zitakuya ku ibada!”

Duru mbili alipiga vizuri. Ya tatu alisahau zamu yake, akabaki ameinua chuma. Hata hivyo mlio ukasikika, mahali pake kabisa.

“Nani amepiga?” Semutobo aliuliza.

Rimu ya Éliezer haikutikisika. Wote wanne wakaweka vyuma chini. Ndipo mlio wa zamu ya Éliezer katika duru ya nne ukaja, mzito, kutoka ndani ya udongo walioukanyaga.