Chapuchapu na Maboga ya Dirishani

Kila siku akitoka shuleni, Chapuchapu alivua viatu mlangoni, akala alichowekewa jikoni, kisha akaenda kumtazama mama akishona. Jina hilo alipewa na baba yake, maana hata chai aliinywa kabla haijapoa, akabaki kupepea ulimi. Mama alikuwa fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa dirishani ili apate mwanga.

Baba alipomaliza kutengeneza matuta mapya, moja chini ya dirisha hilo na jingine kando ya ukuta wa jirani, Chapuchapu aliomba achague mimea yeye.

"Haya," alisema baba. "Ila muulize muuza miche kila mmoja unakua kiasi gani."

"Nitamuuliza, baba!"

Kwenye kitalu aliona miche ya alizeti na maboga, midogo, laini, inatia huruma. Muuza miche alipofungua kinywa amweleze, Chapuchapu alikwishafika getini na boksi lake kichwani. Miche yote akaipanda chini ya dirisha, imebanana kama wanafunzi wa benchi moja.

"Muuza miche amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema hapo ndipo pake," Chapuchapu alijibu, akitazama pembeni.

Mvua zikanyesha. Alizeti zikarefuka, zikapita nondo za dirisha, zikaziba mwanga wote. Maboga nayo yakapanda ukuta na kuingia ndani bila hodi. Mama akawa anashona kwa kupapasa mchana kweupe.

Siku moja mteja alikuja kujaribu gauni la harusi ya dada yake. Akageuka mbele ya kioo, akaona kitu cha kijani kinaning'inia kwenye pindo.

"Fundi, hiki nini?"

Mama akainama. Lilikuwa jani la boga, limeshonwa barabara, wala uzi haukupinda.

"Mimi nilitaka maua ya kitambaa," alisema mteja, "siyo mboga! Kesho nisipolikuta sawa, nitatafuta fundi mwingine."

Alipoondoka, mama alianza kufumua pindo. Chapuchapu akamsogelea.

"Mama, sikumuuliza muuza miche. Nilikudanganya."

"Nilijua tangu boga liliponinyang'anya mkasi," alisema mama. "Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Haya, kalete panga."

Chapuchapu alikata alizeti na kung'oa maboga mpaka dirisha likapata mwanga. Kesho yake mteja alilikagua gauni nje ndani, hata mfukoni akachungulia, kisha akacheka na kulichukua.

Jumamosi Chapuchapu alirudi kitaluni. Aliuliza urefu, upana na mizizi ya kila mche hadi muuza miche akaomba apumzike anywe maji. Alirudi nyumbani na miche ya mpera, maboga na mchicha, lakini hakugusa jembe kwanza. Alimsimamisha baba kando ya ukuta, mikono ameitanua, awe mpera uliokomaa. Mdogo wake wa kike alilala chini na kubingirika, yeye ndiye maboga. Mama alichuchumaa chini ya dirisha, akawa mchicha.

Jirani akachungulia juu ya ukuta. "Jamani, kuna usalama humo?"

"Mpera, vuta mkono!" Chapuchapu aliamuru. "Umemfikia jirani!"

Baba akarudi hatua mbili, na hapo ndipo Chapuchapu alipochomeka kijiti cha alama. Sasa mpera ulipata nafasi, maboga yalikuwa na pa kutambaa, na dirisha lilibaki wazi.

Mama aliinuka, akajikung'uta vumbi. "Umeona, mwanangu? Mche ukiwa kwenye kopo haukuonyeshi ukubwa wake. Kabla hujaupanda, uliza, kisha uufikirie ukishakuwa mkubwa na mahali utakapokaa. Na kama hukuuliza, sema hukuuliza. Tungeyahamisha maboga yale yakiwa bado madogo."

"Nimeelewa, mama. Nitauliza, na nitasema kweli."

"Vizuri sana," ilisikika sauti ya baba kutoka ukutani. "Sasa mpera unaomba kushusha mikono. Matawi yamekufa ganzi."