Ushuhuda wa Kuazima

Saa kumi na moja alfajiri Naliaka alikuwa ameshainama juu ya karai, mikono imezama ndani ya maji baridi hadi viwikoni. Mama yake, Namalwa, alikuwa dobi hapo Kawangware. Mashuka yalitoka kwa Wazungu wa Lavington yakiwa machafu kidogo tu, yakarudi meupe kabisa, na katikati hapo palikuwa na migongo miwili inayouma. Mama alifua, Naliaka akasuuza, kisha akaenda shule na vidole vilivyokunjamana. Jioni pasi ya makaa ilimngoja. Huo ulikuwa mwaka wa 1957, na hakuna aliyeuliza kama mtoto wa miaka kumi na miwili amechoka.

Mwaka huo alikuwa akimaliza darasa la nne. Shule ya bweni ya wasichana ya misheni ilitoa nafasi moja kwa kila kanisa, na msichana alihitaji barua ya mchungaji wake. Mchungaji Ephantus hakuandika barua hivi hivi. Kwanza msichana asimame mbele ya kanisa zima atoe ushuhuda, aseme Mungu amemtendea nini. Bila barua, Naliaka angebaki kwenye karai, na alilijua hilo vizuri.

Taabu ni kwamba aliogopa watu. Darasani aliweza kuulizwa jambo analolijua, akatazama miguu yake tu. Tena aliona hana ushuhuda wowote. Mwenye ushuhuda alikuwa Mzee Nashon, tarishi wa ofisi moja katikati ya mji. Kila Jumapili alisimama na kusema kwa sauti nzito: "Nilikuwa nimepotea. Nililala kwenye mitaro ya Ngara kwa ulevi. Mke wangu alirudi kwao. Lakini Bwana aliniinua." Kanisa likaitikia "Amina" mpaka mabati yakatetemeka.

Basi Naliaka akaona heri aazime. Angechukua mwanzo na mwisho wa maneno ya mzee, na hayo ya katikati angeyaruka. Alikariri wiki nzima huku akisuuza.

Jumapili ikafika, akasimama. Watu mia moja wakamtazama. Hofu ikamkaba, na maneno yakatoka yote kama yalivyoingia.

"Bwana asifiwe. Nilikuwa nimepotea. Nililala kwenye mitaro ya Ngara kwa ulevi. Mke wangu alirudi kwao..."

Vijana wa kwaya walicheka kwanza, kisha wazee, kisha hata mchungaji akaufunika mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Naliaka alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Tutamsikia tena Jumapili ijayo," mchungaji alisema alipoweza kusema.

Jumatatu jioni Mzee Nashon alifika kwao akisukuma baiskeli yenye pancha. Naliaka akajificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa.

"Toka huko, mjukuu wangu. Nimetembea kutoka mjini, sina nguvu ya kukutafuta."

Akatoka. "Nisamehe, mzee. Niliiba ushuhuda wako."

"Hukuiba, uliazima. Ila cha kuazima hakisitiri." Mzee aliketi juu ya kasha la sabuni akavua kiatu. "Mke wangu anakusalimu. Anasema nikwambie amesharudi."

Naliaka hakutaka kucheka, lakini alicheka kidogo.

"Wewe huongea na Mungu?" Nashon akauliza.

"Asubuhi tu, nikisuuza."

"Humwambia nini?"

Naliaka alimtupia jicho mama yake, aliyekuwa akipuliza makaa ya pasi. "Namwambia nimechoka. Namwomba anipe nguvu ya shuka moja tu. Likiisha, namwomba ya la pili."

"Naye hukupa?"

"Mashuka huisha, mzee. Bado nachoka, lakini huisha."

Mama aliacha kupuliza makaa. Hakuwa akijua hayo, na yalimchoma moyo.

"Basi kaseme hayo," Nashon alimwambia.

"Hayo si ushuhuda. Ni mambo ya kufua."

"Na yangu ni mambo ya mitaro." Mzee alisugua kisigino chake. "Miaka saba nasema yaleyale kwa sababu watu huitikia. Siku nyingine hata mimi mwenyewe sijisikilizi."

Jumapili ya pili Naliaka alisimama. Hofu haikuwa imekwenda popote.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Naliaka. Nafua pamoja na mama, na huchoka sana. Kila asubuhi namwomba Mungu nguvu ya shuka moja, naye hunipa, kisha namwomba ya lingine. Hata sasa nimemwomba nguvu ya kusimama hapa. Ni hayo tu."

Hakuna aliyecheka. Kutoka benchi la nyuma, walikoketi akina mama wanaofua na kulima bustani za watu, ikasikika "Amina" moja ya chini. Halafu nyingine. Mchungaji akasema barua ataiandika siku hiyohiyo.

Kabla ya baraka Mzee Nashon alisimama kama kawaida yake, na watu wakajiandaa kwa mitaro ya Ngara.

"Ndugu zangu, nimezeeka," alisema. "Njia ya mjini imekuwa ndefu. Kila asubuhi naogopa sitafika, na Mungu hunifikisha. Sijawahi kuwaambia." Akaketi.

Njiani kurudi nyumbani Naliaka alisema, "Mama, niliogopa vilevile."

"Nimeona. Kujiamini si kutoogopa, mwanangu, wala si kuwa na sauti ya Mzee Nashon. Mungu anayekusikia ukiwa peke yako umechoka, ndiye anayekusikia ukiwa mbele za watu. Ukilijua hilo, huna haja ya kuwa mtu mwingine." Mama alimshika mkono. "Huko shuleni utakuta wasichana wenye viatu vizuri na Kiingereza kingi. Usiazime kitu kwao, ila kitabu."