Matundu Ishirini na Manne

Ijumaa, saa sita na dakika hamsini na mbili mchana, waumini waliokuwa wakitoka msikitini katika mtaa wa maseremala, mjini Dumyati, waliona moshi ukifuka kwenye ghorofa ya pili. Wanaume wanne wakapanda ngazi mbio. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kufuli mbili, na madirisha yalikuwa yamepigiliwa misumari. Wakauvunja mlango kwa mtaimbo wa karakana ya jirani.

Mke wa nyumba hiyo, Inshirah, alipita katikati yao. Alishuka ngazi saba, akasimama, kisha akageuka na kurudi ndani ya moshi. Alipotoka mara ya pili alikuwa amembeba mgongoni mama mkwe wake, Hajati Tafida, aliyekuwa hajitambui.

Moto ulizimwa saa saba na dakika arobaini. Kilichoteketea zaidi ni nishi, lile kabati la kioo ambalo kila bi harusi wa Dumyati huingia nalo kwa mumewe likiwa limejaa vyombo ambavyo hakuna mgeni atakayekula ndani yake mpaka siku ya mwisho ya dunia. Katika sehemu yake ya chini palikuwa na kompyuta, imeyeyuka.

Alasiri hiyohiyo Fundi Bayumi alikuwa mahabusu. Ndiye aliyeikata nishi ile mwaka uliopita ili kompyuta iingie. Tharwat, mume wa Inshirah, anayefanya kazi Kuwait, alipiga simu kituoni na kudai fundi akamatwe, na Meja Lutfi hakuona sababu ya kubishana. Mbao, umeme, fundi aliyebahatisha: kesi ya aina hiyo humruhusu mtu kula chakula chake cha mchana kikiwa moto. Hajati naye alilazwa akipumulia mashine. Akifa, Bayumi angeshtakiwa kwa kusababisha kifo.

Jumamosi saa tatu asubuhi akafika Mhandisi Ibtihal Qasabi wa maabara ya ushahidi. Hakwenda kwenye majivu kwanza, alikwenda mahabusu. Bayumi alikuwa amekaa pembeni, magoti kifuani, maana chumba cha watu sita kilikuwa na watu kumi na moja.

"Usta Bayumi, ulitoboa matundu mangapi?"

"Ishirini na manne, mwanangu. Kumi na mawili chini, ya kufungulia hewa baridi njia ya kuingia, kumi na mawili juu, nyuma ya taji la kabati. Katikati nikaacha nafasi ya vidole vinne nyuma ya rafu, joto lipande lenyewe. Miaka arobaini natengeneza makabati. Siwezi kukifungia kitu kinachotoa joto kwenye sanduku, hata kwa dawa."

"Kompyuta ilikuwa ya kazi gani?"

"Sikuuliza. Raafat, mdogo wake Tharwat, aliniambia haizimwi usiku wala mchana, na sehemu ile itiwe kufuli, ufunguo akae nao yeye. Nyaya nne nyembamba zilitoka humo zikapanda darini. Yule mke wa Tharwat alisimama jikoni analia. Nikadhani analilia nishi yake. Nikasema, Bayumi, huoni haya, unamtoboa mtoto wa watu kabati lake la harusi?"

Ibtihal aliandika: *nyaya nne*.

Saa tano na robo alikuwa ndani ya nyumba. Alipiga magoti mbele ya mabaki na kupitisha kidole katika matundu ya chini. Ndani yake mti ulikuwa bado mweupe. Taji la juu lilikuwa limekwisha kabisa, ila kipande kimoja kilichoangukia mbali, na katika tundu la kipande hicho palishindiliwa kitu cheusi kilichomeguka kama mkate mkavu. Alikinusa. Pamba.

Alimweleza Meja Lutfi mambo mawili. La kwanza, kompyuta inayokosa hewa hujizima yenyewe kabla haijashika moto. La pili, moto huu ulianzia juu ukashuka. Kazi ya Bayumi ilikuwa safi. Matundu yake yaliuvutia moto hewa, lakini hayakuuwasha.

"Basi kuna mtu aliuwasha," Meja alisema kwa huzuni ya mtu anayeona chakula chake kikipoa. "Na mlango ulifungwa kwa nje. Mwenye funguo ni nani?"

Raafat. Aliitwa, akaja na jasho jembamba juu ya mdomo. Alisema alifunga mlango kwa usalama wa wanawake wale wawili, kama kila siku, na kwamba wakati wa swala alikuwa safu ya kwanza. Imamu alithibitisha. Lakini alipoulizwa nyaya nne zilikwenda wapi, alijibu kwamba hajui nyaya zozote. Ibtihal akapanda kiti, akachomoa kijicho cha kioo, kamera ndogo, kutoka kona ya dari, akakiweka mezani mbele yake.

Kulikuwa na vinne: sebuleni, jikoni, kibarazani na chumba cha kulala. Vyote viliishia kwenye kompyuta, na kompyuta iliishia kwenye simu iliyo mkononi mwa Tharwat, Kuwait. Meja Lutfi alimgeukia Raafat kwa furaha. Mtu mwenye funguo na uongo kwa pamoja hapatikani kila siku. Kwa dakika kumi nzima aliamini kesi imekwisha.

Raafat, ili kujiokoa, akamwomba kaka yake picha za Ijumaa ile, zilizokuwa zimehifadhiwa kule. Zikaja. Kuanzia saa sita kamili hakuna aliyeingia wala kutoka. Hajati alikuwa kitandani. Inshirah alizunguka na chetezo akifukiza ubani, kama kila nyumba ya Dumyati inavyofanya saa ile ya Ijumaa. Saa sita na dakika ishirini na moja alipanda kiti, akapangusa vumbi juu ya nishi, akainua chetezo hadi kwenye taji, akashuka.

"Amefukiza tu," alisema Meja. "Mama yangu pia anafukiza. Na nani mwenye akili timamu awashe moto ndani ya nyumba aliyofungiwa?"

Ibtihal alirudisha picha nyuma, akatazama vioo vya nishi: sahani nane zimesimama mbele, safu moja. Nyuma yake hapakuonekana kitu. Yeye mwenyewe ana nishi nyumbani kwake, na anajua vyombo hupangwaje humo: hata kidole hakipiti.

Alikwenda kwa baba yake Inshirah, akaomba orodha ya ndoa, karatasi ambayo bwana harusi hutia saini kwamba vyombo vyote ni mali ya mke. Ilisema: nishi moja ya mti wa mzambarau; seti ya chakula, vipande sabini na viwili; seti ya chai, vipande ishirini na vinne. Jumla tisini na sita. Majivu yakachekechwa Jumapili nzima, na vigae vilivyopatikana vilikuwa vya sahani nane.

Kauri haiungui. Meja, ambaye hajawahi kupangusa kikombe, hakuwa ameliwaza hilo. Ibtihal alitafuta chumba kisicho na kijicho, yaani bafuni. Nyuma ya tenga la nguo chafu kulikuwa na rundo la taulo, na ndani ya taulo hizo vipande themanini na vinane, kila kimoja kimefungwa peke yake. Sebuleni alipata mto wa kiti uliopungua pamba nusu.

Jumatatu saa nne asubuhi waliketi ofisini kwa Meja: Inshirah, Raafat, na Bayumi aliyetolewa mahabusu akiwa na nywele zilizosimama. Tharwat alikuwa kwenye simu, sauti wazi, juu ya meza.

Ibtihal alieleza taratibu. Vyombo viliondoka vichache vichache, kila Ijumaa, vikienda kuoshwa bafuni. Safu ya mbele ilibaki kwa ajili ya kijicho. Pamba ilishindiliwa kwenye matundu ya juu kwa kitambaa cha vumbi, na kaa la ubani likaachwa juu yake. Pamba huungua polepole. Nusu saa baadaye moshi ulitoka, waumini walipokuwa wakitoka msikitini.

"Inshirah, usijibu," ilisema simu.

Mwanamke aliinamisha kichwa, midomo ikafungika. Chumba kizima kiliona jinsi alivyozoea. Meja Lutfi, na hili ni la kumsifu, alinyoosha mkono akaizima simu.

"Sema, dada," alimwambia.

"Miezi kumi na minne nimefungiwa," alisema Inshirah. "Niliwahi kufungua dirisha nikaita watu. Sauti ya Tharwat ikatoka ukutani, ikaniamuru nifunge. Kesho yake Raafat akaja na misumari. Nikikaa, ananiuliza mbona nimekaa. Nikilia, ananiuliza nalia nini. Na mashine yake wameiweka kwenye nishi yangu."

"Ulitaka kuichoma mashine?" aliuliza Ibtihal.

"Nilitaka mlango uvunjwe. Na uvunjwe na watu wengine, si wao. Saa ile mtaa umejaa wanaume."

"Na Hajati?"

"Nilijua yupo. Nilijiambia watu watawahi. Mlango ulipoanguka nikapita. Nilishuka ngazi saba, mhandisi, ngazi saba kwa miguu yangu. Kisha nikamsikia anakohoa."

"Vyombo?"

"Mama yangu alininunulia kimoja kimoja, tangu nikiwa na miaka tisa. Sikuweza." Alimgeukia fundi. "Usta, nisamehe. Sikujua watakuchukua wewe."

Bayumi alipangusa uso kwa kiganja. "Ningejua nyaya zile zinakwenda wapi," alisema, "nisingegonga hata msumari mmoja."

Saa sita fundi aliachiwa huru. Hospitali ilipiga simu kwamba Hajati ameamka na anauliza mkwewe yuko wapi. Raafat aliandikiwa shtaka la kumfungia mtu, na jina la Tharwat likapelekwa uwanja wa ndege ili akamatwe akitua. Ibtihal alisaini ripoti yake, na haikuwa na jambo alilolificha: Inshirah alichoma nyumba yenye mtu ndani, na kwa hilo atasimama mbele ya jaji.

Askari alimpeleka Inshirah hadi mahabusu ya wanawake. Mlangoni alisita, akatazama juu, kona hii na kona ile.

"Afande, humu ndani kuna kamera?"

"Chumba cha wanawake hakina."

Aliingia mwenyewe kabla hajaambiwa, akajilaza sakafuni, akalala.